Hesabu za shule ukubwani: tafuta uzi ulipokatikia

Mtu mzima anayesema "hesabu nimesahau zote" kwa kawaida amesahau vitu vitatu au vinne tu, ila hivyo ndivyo vilivyobeba vingine. Yeye hudhani kinachomshinda ni milinganyo ya x. Mkalishe dakika kumi uone: mlinganyo anaujua nusunusu, kinachomwangusha ni sehemu, yaani namba kama 1/2 au 3/4, au alama ya kutoa iliyokaa mbele ya namba. Ndiyo maana kununua kitabu cha kidato cha pili na kuanza ukurasa wa kwanza huwashinda wengi kabla ya wiki ya tatu. Uzi ulikatika darasa la tano, wewe unafunga fundo kidato cha pili.

Kwa mtu wa Nyanda za Juu Kusini, kalenda yenyewe inasaidia. Mazao yakishaingia ndani, kati ya Juni na mvua za Novemba jioni zina nafasi, na baridi ya Makete au Mafinga haimruhusu mtu kuzurura. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, inatosha. Saa tatu za Jumapili peke yake hazitoshi, kwa sababu ukirudi Jumapili inayofuata nusu imeshapotea na unaanza kwa kukumbushana.

Vifaa ni kaunta buku moja nene, penseli, kifutio, rula na simu ya kukagulia majibu. Kalkuleta ya simu ifunguliwe jibu likishaandikwa, si kabla.

Jipime kwanza

Andika maswali haya kwenye karatasi, ujipe dakika 20, bila kuuliza mtu:

1. 403 − 157
2. 7 × 8, 6 × 9, 12 × 7 (kwa kichwa)
3. 1,512 ÷ 14
4. 1/2 + 1/3
5. 3/4 ÷ 1/8
6. Ipi kubwa, 0.35 au 0.4?
7. 0.6 × 0.2
8. 15% ya 48,000
9. 20 − 5 + 3
10. −3 − 5, kisha −3 × −5
11. 2x + 7 = 19
12. Mstatili wa mita 12 kwa 8: mzingo wake na eneo lake

Majibu: 246; 56, 54 na 84; 108; 5/6; 6; 0.4; 0.12; 7,200; 18; −8 na 15; x = 6; mita 40 na mita za mraba 96.

Usihesabu maksi. Angalia kosa la kwanza liko wapi na ni la namna gani. Aliyepata 354 katika swali la kwanza amekuwa akitoa namba ndogo kwenye kubwa katika kila safu bila kujali ipi iko juu. Shida yake ni kukopa, na sifuri ya katikati ndiyo imemfichua. Aliyepata 18 katika la tatu amesahau kuandika sifuri pale 14 ilipokataa kuingia kwenye 11. Huyo angejikamata mwenyewe kama angekisia kwanza: 14 mara 100 ni 1,400, kwa hiyo jibu haliwezi kuwa chini ya 100. Zoea kukisia kabla ya kukokotoa. Kunaokoa kuliko kanuni yoyote iliyomo humu.

Ukikosa swali, tunga jingine linalofanana nalo ujaribu tena. La pili ukilipata, ulikuwa umepitiwa, endelea. Ukilikosa nalo, hapo ndipo pa kuanzia, hata kama ni mambo ya darasa la nne. Wala usione haya.

Tebo zisirukwe. Kati ya tebo zote, zinazosumbua watu wazima kweli ni sita: 6 × 7, 6 × 8, 6 × 9, 7 × 8, 7 × 9 na 8 × 9. Kata vipande sita vya boksi, swali mbele, jibu nyuma, uvipitie asubuhi na jioni kwa siku saba. Asiyekuwa na 42 na 56 kichwani hawezi kuona kwamba 42/56 ni 3/4, na kila swali la sehemu litamchosha kabla halijaanza.

MAGAZIJUTO ina mtego mmoja

Karibu kila aliyepita shule ya msingi Tanzania anaikumbuka kanuni hii ya kipi kitangulie: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Nzuri, ila imeficha jambo. Kugawanya na kuzidisha vina cheo kimoja, na kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja. Vya cheo kimoja hufanywa kwa mfuatano, kutoka kushoto kwenda kulia. Kutanguliza GA mbele ya ZI hakuharibu kitu: 6 × 8 ÷ 4 ni 12 hata ukianza na 8 ÷ 4. Balaa ni kutanguliza JU mbele ya TO. Katika 20 − 5 + 3, anayejumlisha kwanza anapata 20 − 8 = 12. Kwa fedha kosa linaonekana mara moja: una 20,000, umetumia 5,000, ukalipwa 3,000. Una 18,000.

Sehemu: hapa kaa mwezi mzima

Hakuna mada inayorudi mara nyingi kuliko hii, na ndiyo watu huipitia mbiombio. Chukua vipimo vya sokoni. Debe ni lita 20. Sado tuihesabu lita 4, yaani moja ya tano ya debe. Umepima nusu debe ya maharage, ukaongeza sado moja. Una debe kiasi gani?

Njia ya makosa: 1/2 + 1/5 = 2/7. Mtu amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Sasa pima kwa lita: nusu debe ni lita 10, sado ni lita 4, jumla 14. Mbili ya saba ya debe ni lita 5.7 hivi, pungufu hata ya ile nusu uliyoanza nayo. Umeongeza maharage, yakapungua!

Kosa linatokana na kuiona sehemu kama namba mbili zinazoishi nyumba tofauti. Namba ya chini, yaani asili, ni jina la kipande: nusu, theluthi, moja ya tano. Ya juu, kiasi, inasema vipande ni vingapi. Nusu na moja ya tano hazijumlishiki kama zilivyo, kama mbuzi watatu na kuku wawili wasivyoweza kuwa "mbuzi watano". Ni lazima uwape jina la pamoja, mifugo watano. Jina la pamoja la sehemu hutafutwa kwa KDS, Kigawe Kidogo cha Shirika:

KDS ya 2 na 5 ni 10.
1/2 ni 5/10, kwa kuwa 2 imezidishwa kwa 5, na juu pia zidisha kwa 5.
1/5 ni 2/10.
5/10 + 2/10 = 7/10.

Saba ya kumi ya lita 20 ni lita 14. Imekubali.

Kosa la pili hapa ni kubadilisha asili na kuacha kiasi kilivyokuwa, mtu akaandika 1/10 + 1/10. Dawa yake ni kuandika mstari wa kuzidisha juu na chini kila mara, kwa ukamilifu, kwa wiki mbili za kwanza. Usiruke hatua kwa sababu unaiona kichwani. Kichwani ndiko inakopotelea.

Kuzidisha ni rahisi kuliko kujumlisha: juu kwa juu, chini kwa chini, na unaruhusiwa kurahisisha kwa mshazari kabla. 3/4 × 8/9: 3 na 9 zinagawanyika kwa 3, 8 na 4 kwa 4, inabaki 1/1 × 2/3, yaani 2/3. Kurahisisha huko kwa mshazari ni kwa alama ya kuzidisha peke yake. Kukiwa na alama ya kujumlisha katikati ni marufuku, na mazoea hayo ya kukatakata ovyo ndiyo huja kuua watu kwenye aljebra.

Kugawanya kunatisha kwa sababu ya "pindua". Kabla hujapindua, jiulize: ngapi zinaingia? Debe 3 ÷ 1/5 ni kuuliza sado ngapi zimo kwenye debe tatu. Kumi na tano. Ndiyo maana jibu limekuwa kubwa kuliko namba uliyoanza nayo, jambo ambalo huwafanya wengi walifute jibu sahihi. Kinachopinduliwa ni sehemu ya pili, ile inayogawanya. 3/4 ÷ 1/8 inakuwa 3/4 × 8/1, yaani 6. Ukipindua ya kwanza utapata 4/3 × 1/8, ambayo ni 1/6: jibu sahihi lililosimama kichwa chini.

Ukiweza kufanya maswali 20 mchanganyiko, manne ya kila aina na manne ya mafumbo, na kukosa yasiyozidi mawili, siku mbili tofauti, ondoka hapo.

Desimali na asilimia

Desimali huchanganya kwa sababu ya kusoma. Mita 2 na sentimita 5 ni 2.05, si 2.5. Fundi akitumiwa "mbili nukta tano" akakata, mbao imezidi kwa sentimita 45. Tamka sifuri: mbili nukta sifuri tano. Na ukilinganisha 0.35 na 0.4, jaza sifuri ziwe na tarakimu sawa, 0.35 na 0.40, ubishi umekwisha.

Asilimia zina maswali matatu yanayofanana sura. La kwanza, asilimia ya kitu: 15% ya 48,000. Kumi kwa mia ni 4,800, nusu yake 2,400, jumla 7,200. Hata karatasi huhitaji. La pili, badiliko ni asilimia ngapi: gunia la viazi limepanda kutoka 60,000 hadi 75,000. Ongezeko 15,000 gawanya kwa bei ya mwanzo, 60,000, unapata 25%. Likishuka kurudi 60,000 ni 15,000 ilelile, ila sasa mwanzo ni 75,000, kwa hiyo limeshuka 20%. Fedha ileile, asilimia tofauti. Bei ya mwanzo ndiyo inayogawanya, siku zote.

La tatu ndilo linalonasa hata wahasibu wa vikundi: kurudi nyuma. Risiti inasoma 118,000 pamoja na VAT ya 18%. Bei kabla ya kodi? Wengi hutoa 18% ya 118,000, ambayo ni 21,240, wanabaki na 96,760. Kosa. Ile 18% ilihesabiwa juu ya bei ya mwanzo, si juu ya jumla. Jumla ni 118% ya mwanzo, kwa hiyo gawanya kwa 1.18: 100,000.

Kwenye kikoba, uliza kama riba inahesabiwa juu ya mkopo tu au juu ya deni lote. Laki mbili kwa 10% kwa mwezi, miezi mitatu: riba ya kawaida ni 60,000. Riba juu ya riba ni 200,000 × 1.1 × 1.1 × 1.1 = 266,200, yaani 66,200. Miezi mitatu tofauti ni ndogo. Ifanye kwa miezi 12 mwenyewe uone.

Namba hasi na lile neno "hasi na hasi ni chanya"

Neno hili limeharibu hesabu za watu wengi kwa sababu linakumbukwa bila mahali pake. Ni la kuzidisha na kugawanya. Mtu analipeleka kwenye −3 − 5 akaandika 8. Fikiri deni: unadaiwa dukani 3,000, ukachukua tena sukari ya 5,000 bila kulipa. Unadaiwa 8,000, yaani −8,000. Madeni mawili hayageuki kuwa fedha. Au fikiri baridi: usiku wa Kitulo nyuzi 4 zikishuka hadi −2, zimeshuka 6, kwa kuwa 4 − (−2) = 4 + 2. Kutoa deni ni kusamehewa, ndiyo maana inakuwa kujumlisha.

Kwa nini basi −3 × −5 iwe 15? Shuka ngazi polepole:

−3 × 2 = −6
−3 × 1 = −3
−3 × 0 = 0
−3 × −1 = ?

Kila hatua jibu linapanda 3. Baada ya 0 lazima ije 3. Endelea hadi −5, utafika 15. Aliyeishusha ngazi hii kwa mkono wake mara mbili hahitaji kukariri.

Mlinganyo ni mizani

Wengi walifundishwa "hamisha, badilisha alama". Inafanya kazi hadi ifike 2x = 12; hapo mtu anahamisha ile 2, anabadilisha alama, anaandika x = 12 − 2 = 10. Achana na kuhamisha. Fikiri mizani ya mikono miwili: unachofanya upande huu, fanya na upande wa pili.

2x + 7 = 19. Toa 7 pande zote: 2x = 12. Gawanya pande zote kwa 2: x = 6. Rudisha uhakiki: 2 × 6 + 7 = 19.

Uhakiki huo ni nusu ya kazi, na ni raha ya mada hii, maana mlinganyo ni swali unaloweza kulisahihisha mwenyewe bila mwalimu. Asiyehakiki anajinyima bure.

Mabano ndiyo mtego mkubwa uliobaki. 3(x − 4) ni 3x − 12. Kosa la kawaida ni 3x − 4, kuzidisha cha kwanza tu. Na −2(x − 5) ni −2x + 10, kwa ile ngazi ya namba hasi. Jaribu 3(x − 4) = 2x + 5. Ukipata 17, weka 17 pande zote mbili: 39 na 39.

Eneo na ujazo

Maumbo yanarudi haraka kwa sababu yako shambani. Ekari ni mita za mraba 4,047 hivi, na kipimo cha mtaani ni hatua 70 kwa 70. Hatua hiyo ni ndefu, ya kiasi cha yadi moja, sentimita 91. 70 × 70 ni yadi za mraba 4,900, na ekari kamili ni 4,840. Wazee hawakukosea. Ila siku hizi mtu huchukua futi kamba akapima mita 70 kwa 70, akaita ekari. Hiyo ni mita za mraba 4,900, na 4,900 ÷ 4,047 ni 1.21: ekari moja na moja ya tano. Mbegu ya ekari moja haitafika mwisho wa shamba, na kibarua anayelipwa kwa ekari amelima moja ya tano bure.

Nusu ekari nayo si 35 kwa 35. Piga hesabu: 35 × 35 ni 1,225, robo ya 4,900. Ukigawa pande zote mbili kwa nusu, eneo linakuwa robo. Nusu ekari ni 35 kwa 70. Hili lichore kwenye karatasi yenye vimraba, usiliamini kwa kusoma tu.

Kwa ujazo, mbao za Mafinga ni somo tosha. Mbili kwa nne ya futi 12: ukizidisha 2 × 4 × 12 unapata 96 isiyo na maana, kwa kuwa umechanganya inchi na futi. Geuza zote kuwa mita kwanza: 0.0508 × 0.1016 × 3.6576, inakuja 0.0189 hivi. Mita moja ya ujazo ina mbao kama 53 za aina hiyo. Na kanuni ya Pitagorasi iko kwenye kila msingi wa nyumba ulionyooka: mita 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, na kamba ya mshazari isome 5 kamili. Isiposoma 5, kona haijakaa.

Daftari la makosa

Kurasa 20 za nyuma za kaunta buku ziwe za makosa tu. Kila swali ulilokosa liandike upya, pamoja na sentensi moja ya kosa lenyewe: "nilipindua ya kwanza", "nilisahau kuzidisha −5". "Sikuwa makini" haikubaliki, haisemi kitu. Swali hilo lirudie bila kuangalia baada ya siku 2, baada ya wiki, kisha baada ya wiki 3. Ukilipata mara zote tatu, likate mstari.

Kusoma mfano uliofanywa na kuitikia kwa kichwa si kujifunza. Usome mara moja, ufunike, uufanye mwenyewe hadi mwisho. Ukikwama, funua mstari mmoja tu.

Anayetaka mtihani

Mtahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne, au wa Mtihani wa Maarifa (QT, wa mtu asiyepitia sekondari ya kawaida), ana ukuta mmoja zaidi: msingi alisoma Hisabati kwa Kiswahili, sekondari ni Kiingereza. Wengi waliodhani walishindwa hesabu kidato cha kwanza walishindwa lugha. Kiasi kikawa numerator, asili ikawa denominator, KDS ikawa LCM, kipeuo cha pili kikawa square root, na hakuna aliyesimama kusema ni vitu vilevile. Tengeneza orodha ya safu mbili, maneno matano kwa siku. Elewa kwa Kiswahili, kisha fanya swali hilohilo kwa Kiingereza.

Vitabu vya kiada vimo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na maktaba za mkoa za Mbeya na Iringa zina meza tulivu kuliko nyumbani. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo ipo kwa ajili ya watu wa rika hili hasa. Mtihani hufanyika Novemba lakini usajili hufungwa mapema mwaka huohuo, kwa hiyo anayeanza kujisomea Juni apange mtihani wa mwaka unaofuata.

Kwenye tovuti ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, zaidi ya mitihani iliyopita, tafuta taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Watu wengi hawajui kwamba zipo wazi kwa kila mtu. Ndani yake kuna picha za majibu halisi, mazuri na mabovu, kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Chukua jibu bovu, funika maelezo yaliyo chini yake, utafute kosa liko mstari wa ngapi. Ukishindwa kuliona, mada hiyo bado haijakaa. Rudi kwenye maswali yake 20 kabla ya kufungua nyingine.